Stirling Moss hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Mbona basi kadi yake ilinikula 7,900?

Wasee, wacha nianze na doo, juu najua hapo ndio macho yenu hufunguka. Februari 2025, kule Stuttgart, Ujerumani, gari moja kuukuu la mbio liliuzwa kwa mnada kwa euro milioni 51. Rudia hiyo polepole. Ukibadilisha kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 6, na bado kuna chenji ya kujenga flati mbili tatu pale Roysambu. Ndai yenyewe ni Mercedes W196 R, rangi ya fedha, magurudumu yote yamefunikwa na bodi hadi inakaa kama sabuni imelowa. Kiti ni kimoja tu. Juan Manuel Fangio wa Argentina alishinda na chasisi hiyo Buenos Aires mapema 1955. Halafu Septemba mwaka huo huo, Monza, akapewa kijana Muingereza wa miaka 25, akaweka mzunguko wa kasi kuliko wote kwenye mbio hizo kabla injini imkatae. Huyo kijana ndiye Stirling Moss.

Hiyo story ilinipata kwa keja, usiku, stima za tokeni zimebaki uniti nne. Unajua vile akili ya mtu amesota hufanya kazi. Sikufikiria historia. Nilifikiria: kama gari la huyu jamaa linaenda bilioni 6, kitu kidogo chake je? Kalamu? Kofia? Nikaanza kuchimba, saa nane usiku nikawa nimezama kwa dunia sikujua ipo: kadi za wanamichezo. Vikaratasi vidogo, picha mbele, maelezo nyuma, kama zile stika tulikuwa tunatoa kwa chingamu tukiwa primo, ila hizi watu wazima wenye kazi na bibi wanazilipia mamilioni.

Nikaona form ya kuomoka. Nikapata mtu onlaini anauza kadi ya Moss ya "1955", imesainiwa, shilingi 7,900 pamoja na usafiri. Nikatuma. Na kabla hujanicheka, kumbuka wewe pia ulishawahi kununua sarafu ya dijitali juu rafiki wa rafiki alikuwa na skrini ya faida. Kadi ilifika baada ya wiki tano. Nitakuambia ilikuwaje, lakini kwanza lazima umjue huyu Moss, juu bila kumjua hutaona pale nilipochezwa.

Moss alizaliwa London mwaka 1929. Kwenye Formula 1 alianza mbio 66, akashinda 16. Ukijumlisha kila aina ya mbio aliyowahi kukimbia, hesabu inayotajwa ni ushindi 212 kati ya mbio 529. Na bado hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, hata mara moja. 1955 alimaliza wa pili. 1956 wa pili. 1957 wa pili. Hizo tatu zote alikuwa nyuma ya Fangio, na Fangio alikuwa Fangio, mataji matano, hakuna aibu hapo. 1958 akawa wa pili tena, na hiyo ya 1958 ndiyo inauma, nitairudia. 1959, 1960 na 1961 akawa wa tatu. Ni kama ile timu yako ya Ligi Kuu ya Uingereza. Sitaitaja jina.

Kama unataka kujua mbona wazee wa Ulaya bado humtaja kama wametaja mtakatifu, anza na tarehe 1 Mei 1955. Kulikuwa na mbio Italia zinaitwa Mille Miglia: unatoka Brescia, unashuka hadi Roma, unarudi Brescia, kama kilomita 1,600, kwa barabara za kawaida za watu. Hesabu hivi: toka Nairobi uende Mombasa, urudi Nairobi, uende tena Mombasa, na bado una deni la kilomita zaidi ya mia. Ndani ya vijiji. Watu wamesimama ukingoni mwa lami, watoto mbele. Gari halina mshipi wa usalama, halina paa. Moss alikuwa na Mercedes 300 SLR, imeandikwa 722 ubavuni. Hiyo namba ilikuwa saa yake ya kuondoka, saa moja na dakika 22 asubuhi. Huko kila gari lilibeba saa yake kama namba.

Kando yake alikaa Denis Jenkinson, mwandishi wa habari mwenye ndevu. Wote wawili walikuwa wamepitia njia hiyo mapema, Jenkinson akaandika kila kona, kila tuta, kila daraja la hatari kwenye karatasi moja ndefu zaidi ya mita tano, akaikunja kwenye kijisanduku chenye kidirisha, anaizungusha kadiri safari inavyokwenda. Kelele ya injini ilikuwa imezidi, hakuna kusikiana, kwa hivyo alikuwa anampa Moss ishara za mkono. Cheki hiyo picha: Moss anakuja kilele cha mlima, haoni kilicho upande wa pili, mkono wa mwandishi unamwambia barabara imenyooka, na yeye anaamini, haachi mafuta. Wasee wa mat za Rongai, mimi nawaheshimu, lakini konda wenu hajawahi kuaminiwa hivyo.

Walimaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Wastani ulikuwa kilomita 157 na ushei kwa saa, na hapo umeweka vituo vya mafuta, miji, milima na mbwa. Fangio alifika wa pili, zaidi ya nusu saa baadaye. Jenkinson akaandika ripoti ya safari hiyo, na mpaka leo watu wa magari huisoma kama maandiko. Mimi nalipwa kwa makala nikiandikia kwa kitanda. Huyo alifanya kazi yake akitapika kando ya gari linalokwenda zaidi ya 250.

Sasa 1958. Hii nataka uisome vizuri, juu ndiyo inaeleza bei ya kila kitu.

Mwaka huo mpinzani wa Moss alikuwa Muingereza mwenzake, Mike Hawthorn wa Ferrari. Moss yuko Vanwall. Agosti wakakutana Ureno, kwa barabara za mji wa Porto. Moss akashinda, Hawthorn akawa wa pili, ila Hawthorn alikuwa ameteleza, gari likazimika, na katika kuliwasha akalisukuma upande usiofaa. Wasimamizi wakataka kumfuta kwenye matokeo: umekwenda kinyume na mwelekeo wa mbio, toka. Nani akasimama kumtetea? Moss. Akawaambia yeye aliona, Hawthorn alikuwa pembeni, nje ya njia ya mbio, kwa hivyo hakuvunja sheria. Wakamsikiza. Hawthorn akabaki na pointi zake saba, sita za nafasi ya pili na moja ya mzunguko wa kasi.

Mbio za mwisho zikaja Oktoba, na ziko wapi? Afrika. Ain-Diab, Casablanca, Morocco. Hesabu ilikuwa Moss lazima ashinde, aweke mzunguko wa kasi zaidi, na Hawthorn asimalize wa pili. Moss akashinda. Akaweka na mzunguko wa kasi. Lakini Phil Hill, mwenzake Hawthorn pale Ferrari, akampisha Hawthorn, na Hawthorn akamaliza wa pili. Ubingwa: Hawthorn 42, Moss 41. Pointi moja. Moss alikuwa ameshinda mbio nne mwaka huo, Hawthorn moja.

Nimekaa chini nikafanya hesabu. Enzi hizo matokeo sita bora tu ndiyo yalihesabiwa. Toa zile saba za Ureno, weka matokeo yake mengine yaliyokuwa yameachwa nje, Hawthorn anapata 39. Moss alikuwa anabeba taji na 41. Mdomo wake mwenyewe ulimnyima. Na siku hiyo hiyo ya Casablanca mwenzake wa timu, Stuart Lewis-Evans, aliungua vibaya kwa ajali, akafariki siku sita baadaye. Hawthorn akastaafu akiwa bingwa, na Januari 1959 akafa kwa ajali ya barabarani huko kwao Uingereza, akiendesha gari lake la kawaida. Hakufikisha miaka 30. Hizo ndizo zilikuwa nyakati zenyewe. Ukisikia mtu anasema mbio za zamani zilikuwa tamu, muulize tamu kwa nani.

Kuna kipande kimoja hapa chetu kabisa, na sijui mbona hakizungumzwi. Stirling alikuwa na dada mdogo, Pat Moss. Pat alikuwa dereva wa rali, na mkali kweli. Pasaka ya 1962 Pat alikuwa huku kwetu, East African Safari, ile rali ilianza 1953 kama Coronation Safari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Akiwa na kigari kidogo cha Saab kwenye tope letu, akamaliza wa tatu. Dada, 1962, wa tatu Safari. Ungetafuta picha yake kwa ukuta wa baa yoyote ya Naivasha wakati wa WRC usiione.

Na Pasaka hiyo hiyo, Jumatatu tarehe 23 Aprili, kaka yake huko Goodwood, Uingereza, akatoka nje ya njia na Lotus, akagonga ukingo wa udongo. Akakaa karibu mwezi mzima bila fahamu. Upande wa kushoto wa mwili ukapooza kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata akarudi Goodwood peke yake, akajaribu gari, akasikia kwamba vitu alivyokuwa anafanya bila kufikiri sasa lazima avifikirie. Akastaafu. Miaka 33. Baadaye amesema pengine aliamua haraka sana.

Kwa hivyo jina lake likabaki limeganda mahali pazuri. Hakuzeeka mbele ya watu akimaliza wa kumi na mbili. Uingereza, polisi wa trafiki akikusimamisha kwa spidi alikuwa anakuuliza kama unajiona Stirling Moss, vile huku afande atakuuliza kama unafikiria uko Safari Rally. Mwaka 2000 akapewa cheo na Malkia, akawa Sir Stirling. Weka hiyo kwa mfuko. Alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 90, wakati sisi tulikuwa tumefungiwa na kafyu.

Haya, turudi kwa kadi.

Kadi za aina hii zilianzia kwa sigara, karne ya 19. Pakiti zilikuwa laini, kampuni zikatia kipande cha karatasi ngumu isikunjike, halafu mjanja mmoja akasema hebu tuchape picha hapo, watu watake seti nzima, wavute zaidi. Marekani mwaka 1911 tayari kulikuwa na seti ya madereva wa magari. Uingereza mwaka 1939 kampuni ya Churchman ikatoa seti ya kadi 50 inaitwa Kings of Speed. Vita vikaja, karatasi ikawa adimu, kadi za sigara zikazimwa. Baada ya vita kadi zikahamia kwa peremende, chingamu, na chai.

Chai, ndiyo. Brooke Bond, wale wale waliokuwa na mashamba Kericho tangu miaka ya 1920, walianza kutia kadi kwenye pakiti zao huko Uingereza mwaka 1954, wakaanza na ndege wa kwao, wakaendelea hadi 1999. Mwaka 1968 wakatoa seti ya kadi 50 kuhusu historia ya gari. Fikiria tu: mama amechuma majani Kericho, majani yamevuka bahari, mtoto wa Manchester anamlazimisha mamake anunue pakiti ingine juu anatafuta picha ya gari. Cha ajabu ni kwamba mchumaji hakuwahi kuona hiyo kadi, na leo hiyo kadi pia haina bei. Seti za chai zilichapwa nyingi mno, kila nyanya wa Uingereza anazo kwa droo. Unaweza kununua seti nzima na pesa ya lanchi.

Hapo ndipo hesabu yangu ya saa nane usiku ilipoanguka. Nilidhani kitu kikiwa cha zamani, na mtu akiwa maarufu, basi bei lazima iwe juu. Soko la kadi halifanyi hivyo.

Cheki mfano wa Marekani. Kadi ya Mickey Mantle wa besiboli, Topps ya 1952, iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Ya 1952, umri mmoja na Moss. Mbona? Sehemu moja ni kwamba Mantle ni Mantle. Sehemu ingine ni kwamba kadi za mwisho za seti hiyo hazikununuliwa, zikakaa stoo miaka, na mfanyakazi wa Topps aitwaye Sy Berger alisimulia kwamba mwaka 1960 walizipakia kwenye jahazi wakaenda kuzimwaga baharini Atlantiki. Uhaba ulikuja kwa bahati mbaya, hakuna aliyeupanga. Halafu kuna wamarekani mamilioni waliokua wakizicheza hizo kadi, wakapata pesa, wakataka utoto wao urudi. Mbio za magari hazikuwa na hiyo. Miaka ya 1950 hakukuwa na kampuni moja inayotoa kadi za madereva wa Formula 1 kila mwaka. Kadi za kina Moss na Fangio ziko, lakini zimetawanyika: huku pakiti ya peremende ya Uingereza, kule albamu ya Italia. Hakuna kadi moja ambayo kila mtu amekubali kwamba hii ndiyo ya kwanza ya Moss, hii ndiyo ya kugombania. Na bila makubaliano hayo hakuna bei ya wazimu.

Topps walitoa seti yao ya kwanza kubwa ya Formula 1, Topps Chrome, kwa msimu wa 2020. Hapo Netflix ilikuwa imeshaonyesha Drive to Survive tangu 2019, vijana wa Marekani wameingia boksi, korona imefungia watu ndani na pesa za serikali. Topps wakatengeneza uhaba kwa makusudi: kadi ile ile, ila toleo moja limechapwa nakala moja tu duniani. Ya Lewis Hamilton, nakala moja, iliripotiwa kuuzwa dola 900,000. Zaidi ya milioni 100 za Kenya. Kwa karatasi ambayo wakati huo haijafikisha hata miaka mitatu. Na Moss aliyeshika karatasi ya Jenkinson kwa roho yake, seti ya chai.

Kuna kitu kingine nilijifunza, na hiki ukiwa mtu wa Gikomba utakishika haraka kuliko profesa. Kadi hupewa gredi. Unaituma kwa kampuni, maarufu ni PSA ya Marekani, wanaiangalia pembe, kingo, uso, kama picha iko katikati, wanakupa namba kutoka 1 hadi 10, wanaifungia kwenye kikasha kigumu cha plastiki. Hiyo ni kufungua beli tu. Kumi ni kamera. Moja ni fagia. Shati ni lile lile, kiwanda ni kile kile, lakini kamera inaenda 1,500 na fagia ni finje. Tofauti ya tisa na kumi, ambayo wewe na mimi hatuwezi kuiona kwa macho, inaweza kuzidisha bei mara kadhaa.

Na kila mtu kwenye huo mnyororo anakula kabla yako. Anayechapa kadi ameshauza pakiti. Anayetoa gredi amelipwa, uwe umepata kumi au nne. Nyumba ya mnada inakata yake kwa kila mauzo. Mwaka 2021 kadi zilikuwa nyingi hadi PSA wakasimamisha kupokea sehemu kubwa ya kazi, foleni imewashinda. Waliotuma wakati bei iko juu, wengine walirudishiwa kadi bei ikiwa imeshashuka. Mapema 2022 kampuni ya Fanatics ikanunua biashara ya kadi ya Topps kwa dola kama milioni 500. Hao hawakununua kadi. Walinunua mashine ya kuchapa kadi. Mimi nikiona hivyo najua pesa ilipo.

Unakumbuka ile kitu nilikuambia uweke kwa mfuko?

Kadi yangu ilifika kwa bahasha ya kaki. Mbele, Moss na miwani ya mbio na helmeti nyeupe, safi, rangi imefifia vizuri kama ya kitambo. Saini ya wino wa bluu. Nikaipiga picha, nikaiweka kwa stori yangu, msee mmoja akaniambia "wewe sasa uko ligi ingine". Nililala nikipanga vile nitaiuza. Siku tatu baadaye ndio nikasoma nyuma. Yale maandishi madogo, yanaanza na jina: "Sir Stirling Moss".

Kadi ya 1955.

Sir, cheo alichopewa mwaka 2000.

Nilikaa kwa kitanda nikacheka, halafu nikaacha kucheka juu hiyo ilikuwa nusu ya rent. Nikamwandikia muuzaji, kwa upole, nikamuuliza. Akasoma ujumbe, tiki mbili za bluu, akanibloki. Na saini? Nikaiweka karibu na balbu: wino hauna hata alama ya kalamu kubonyeza karatasi, umechapwa pamoja na picha. Na hata kama ingekuwa saini ya ukweli, Moss aliishi miaka 58 baada ya Goodwood akihudhuria maonyesho na kusainia watu bila kuringa. Saini zake ziko nyingi. Hiyo nayo inashusha bei, na ni mimi sikuuliza.

Kwa hivyo kama wewe pia umeshikwa na hii homa, na najua mko, juu DM zangu zimejaa watu wanauliza kuhusu kadi za Verstappen: soma nyuma ya kadi kabla ya mbele. Tafuta neno, cheo, nembo au anwani ya tovuti ambayo isingekuwepo mwaka unaotajwa. Chukua kioo cha kukuza, ata kamera ya simu ikivutwa karibu inatosha, uangalie kama wino wa saini umekaa juu ya picha au umevunjika kuwa vidoti kama picha yenyewe. Kama iko kwenye kikasha cha gredi, ina namba, na namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya kampuni iliyotoa gredi, bure. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya nyuma, funga simu, nenda ukanywe chai. Ya Kericho.

Lakini kuna jambo limenikaa kichwani kuliko hizo 7,900. Nimetumia miezi nikisaka karatasi ya mzungu aliyekimbia Italia, na karatasi zetu ziko wapi? Joginder Singh alishinda Safari 1965 na Volvo ya mkono wa pili, akiwa na ndugu yake Jaswant kando. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi. Mashindano yalipita mbele ya nyumba za watu, Nakuru, Kampala, Moshi, watu wakasimama na programu mkononi, na stika, na picha za kamera za filamu. Rali iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, tulipiga picha milioni moja kwa simu, zote zimepotea na simu zenyewe.

Juzi nilipita kwa yule mzee huuza magazeti ya zamani na vitabu chini ya turubai hapo katikati ya tao. Nikamuuliza kama ana kitu chochote cha Safari ya kitambo. Akafikiri. Akasema alikuwa na rundo, programu za miaka ya sabini, alinunua kwa familia iliyokuwa inahama Parklands. Zikanyeshewa. Zingine akauza kwa kilo, kwa watu wa kufunga nyama.

Kwa hivyo hii ndiyo rikwesti. Ukienda ushago Desemba, kabla mathe hajawashia jiko, fungua lile sanduku la chuma chini ya kitanda cha guka. Ukipata programu, stika, tiketi, picha ya Datsun au Peugeot imejaa tope na namba mlangoni, usinitumie pesa wala usiniulize bei, juu kwa bei nimeshaonyesha vile niko. Piga picha mbele na nyuma, andika nyuma yake ni nani aliipiga na ilikuwa wapi, kama guka bado yuko muulize leo. Halafu nitumie nione. Yangu ya Moss nimeiweka nyuma ya kava ya simu, na kila mtu akiniuliza huyu ni nani namwambia ni Sir, tangu 1955.